Maswali Matano Kando ya Uwanja

Mshale alipoanguka, Dokta alikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, amepiga magoti kwenye tope akimfunga bega mchezaji mwingine. Ndiyo maana aliyekimbia na chupa ya maji alikuwa Kocha mwenyewe, na ndiyo maana maswali aliyauliza yeye.

Kwa macho haikuwa ajali ya kutisha. Mshale, winga wa kushoto, alijitupa miguuni mwa jitu moja la timu pinzani, goti la lile jitu likamgonga juu ya sikio, jitu likaenda chini na mashabiki wakalipuka kwa shangwe. Raga ni mchezo ambao mtu akigongwa hivyo hupigiwa makofi. Ila Mshale hakuinuka mara moja. Alikaa kwenye majani akivitazama viganja vyake kama mtu aliyeazimwa mikono.

Mchezaji aliyegongwa kichwa huulizwa maswali matano. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga mara ya mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda au tulishindwa? Akikosa hata moja anatoka na harudi, hakuna kubembelezana. Maswali yamefanywa mepesi makusudi, maana hayapimi elimu. Yanapima kama mtu bado yumo ndani ya kichwa chake.

Kocha alichuchumaa mbele yake. "Tuko wapi?"

"Nyumbani. Uwanja wetu."

"Kipindi cha ngapi?"

"Cha pili, Kocha. Niache nicheze bwana."

"Nani kafunga mwisho?"

"Sisi. Namba nane."

"Wiki iliyopita tulicheza na nani?"

"Reli."

"Ikawaje?"

"Tuliwatandika."

Majibu mawili ya kwanza hayakuwa na shida. Uwanja ulikuwa mbele ya macho yake na jua lilikuwa linashuka. Kwa yale matatu yaliyobaki, Kocha alitafuta kichwani mwake akakuta peupe. Alijua kwamba juma lililopita walicheza, maana hucheza kila juma. Alikumbuka basi, alikumbuka harufu ya dawa ya kuchua misuli, mengine hapana. Aliinua macho kwenye ubao wa matokeo, lakini ubao huonyesha jumla tu: walikuwa nyuma kwa pointi nne na muda ulikuwa unayoyoma. Angeweza kumgeukia Msaidizi wake, aliyekuwa mstarini akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, akamwuliza, "Hivi wiki jana tulicheza na nani?" Lakini kocha gani anauliza hivyo? Anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo? Alimtazama kijana usoni, akaona amejibu upesi, bila kigugumizi, akajiambia kwamba mtu anayejibu upesi hivyo lazima anajua. Akamwamini mgonjwa kuliko alivyojiamini mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Ingia."

Waliokuwa wamefunga mara ya mwisho ni wapinzani. Juma lililopita timu ilicheza na Bandari, si Reli, na ilichapwa mpaka mashabiki wakaanza kuondoka kabla ya filimbi. Mtu yeyote kwenye jukwaa, hata muuza maji, angeyajua hayo.

Haukupita muda Mshale akapata mpira, akachanja mbuga pembeni mwa mstari na uwanja mzima ukasimama. Mlinzi mmoja alimgusa bega tu, mguso ambao siku nyingine angeucheka. Akaanguka kifudifudi, na safari hii hata maji hayakumwamsha.

*

Mke wa Kocha alifika hospitali na vipande vya nyuzi nyeupe vimemganda kwenye sketi. Alikuwa fundi cherehani, na mumewe hakumwita kwa jina lingine ila Fundi. Siku hiyo alikuwa ametoka alfajiri kwenda kumvika bibi harusi gauni lililogoma kufunga kiunoni, na habari zilimkuta huko huko, pini zikiwa bado mdomoni.

Mshale alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, mtoto ana miaka saba, Fundi alimchukua akaingia naye kwenye ndoa yake kama mtu anavyoingia na sanduku la nguo. Yeye na Kocha hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo yule mdogo mtu ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumba. Uwanjani alimwita mume wa dada yake Kocha, nyumbani alimwita shemeji, na hakuwahi kuchanganya.

"Yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Ndani. Wanampasua. Damu imevujia kichwani."

Fundi alikaa kwenye benchi. Hakulia. Alianza kuziokota zile nyuzi kwenye sketi, moja moja, akizikusanya kiganjani.

"Nasikia aliangushwa mara mbili."

"Ndiyo."

"Na ile ya kwanza, hukumtoa?"

"Nilimwuliza maswali."

"Akajibu?"

"Alijibu yote."

Hakusema uongo. Mshale hakuacha hata swali moja bila jibu. Fundi alimtazama mumewe kitambo, kisha akarudi kwenye nyuzi zake.

Mwenyekiti wa klabu akaja, ananukia manukato, simu mbili mkononi. Alikuwa na maduka matatu ya matairi na aliendesha klabu kama duka la nne. Alimpa Fundi pole ndefu iliyopangika vizuri, halafu akamshika Kocha kiwiko akamvuta hadi kwenye kona ya ngazi.

"Shirikisho la raga watatuma mtu wa kuuliza. Nani alimpima kijana?"

"Mimi."

"Hapana. Wewe ulimwangalia tu. Kupima ni kazi ya Dokta, ndiye mwenye cheti. Alikuwa wapi?"

"Alikuwa anamfunga mtu bega."

"Basi alichelewa. Ulimwita, hakuja, ukafanya ulichoweza. Uongo uko wapi hapo? Kocha, makocha wa kulipwa kwenye ligi hii unawahesabu kwa vidole. Watu wa kufunga bandeji wamejaa tele." Akampiga bega. "Tangu lini Nyundo akakosa usingizi kwa jambo kama hili?"

Nyundo lilikuwa jina lake la enzi za kucheza. Alilipata kwa sababu alikuwa akikaba kwa kutanguliza kichwa, na mashabiki walimpenda kwa hilo kupita kiasi. Siku hizo hakuna aliyemwuliza mtu maswali. Nyundo alipozirai walimmwagia ndoo ya maji, akafuta macho, akarudi kwenye skramu, lile rundo la kusukumana, na kesho yake gazeti likamwita shujaa.

Mwishoni mwa ukumbi alikaa Dokta, magoti ya suruali bado yana tope. Kwa kweli hakuwa daktari; alikuwa mtaalamu wa viungo, msichana aliyetoka chuoni mwaka jana, na hii ndiyo ilikuwa ajira yake ya kwanza. Hakuna aliyekaa karibu naye. Kocha alipopita, alisimama.

"Kocha, ulimwuliza yote matano?"

"Nilimwuliza."

"Na akapata yote?"

"Alijibu."

"Basi sielewi," alisema. "Mtu aliyepata yote matano hawezi kuwa... Labda kuna kitu sikuona tangu mapema. Labda mimi ndiye niliyemwona asubuhi na sikuangalia vizuri."

Alikuwa anatafuta kosa kwake, na alikuwa analitafuta kwa bidii ya mwanafunzi mwema. Kocha alimpita kama mtu ambaye hakusikia. Kosa la uwanjani lilitokana na ugonjwa. Ukimya huu sasa ulikuwa uovu, na aliufanya akiwa na akili zake zote.

*

Asubuhi walirudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri, wauguzi walisema, ila hakuna aliyejua ataamka vipi. Fundi aliteleka chai kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Waliketi kwenye meza ile ile ndogo, kati ya cherehani na kabati la vyombo.

"Jana sikuwepo asubuhi," Fundi alisema.

"Ulikuwa na bibi harusi wako."

"Sikukuambia chochote."

Kocha alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Akakirudisha mezani taratibu.

Kila asubuhi ya mechi, kwa misimu miwili sasa, Fundi alikuwa na kawaida ya kupiga soga wakati wa chai. *Eti leo mnakutana na Bandari? Hawa si ndio waliowatoa jasho mwanzoni mwa msimu? Na wiki jana Reli, mliwashinda kwa penalti ya dakika ya mwisho, mpaka Mwenyekiti akapiga sarakasi. Namba kumi wako goti limepona?* Kocha alisikiliza, akajibu mbili tatu, akatoka nyumbani kichwa kimepangika. Alifikiri mkewe ameipenda raga ukubwani. Wakati mwingine ilimfurahisha.

"Hukudhani kweli napenda raga?" Fundi alisema. "Watu wazima wanarukiana kama mbuzi wanaogombea majani! Nilikuwa nakujaza kichwani ulichosahau. Nilikuwa nasoma gazeti la michezo chini ya meza ya kukatia vitambaa, wateja wakanicheka."

"Ulijua?"

"Ulipouliza mama yangu atakuja lini kututembelea, nikajua."

"Nilikosea maneno tu."

"Uliuliza mara mbili, baba. Na jeneza ulibeba wewe."

Kocha aliinama. Mambo mengi aliyodhani ameyaficha, kumbe yalikuwa yamefichwa na mtu mwingine. Wachezaji wake aliwaita kwa namba za mgongoni, hata mazoezini, hata wakimtembelea. Waandishi walilisifu jambo hilo, wakaandika kwamba ni kocha asiye na upendeleo, kwake wote ni sawa. Walikuwa sawa kweli, maana majina yao yote yalikuwa yamemtoroka. Mbinu za mchezo hazikumtoroka. Akipewa ubao na chaki, angechora mashambulizi mpaka jioni. Ila jana na juzi, na nani alisema nini, vilimponyoka kama sabuni kwenye maji.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Kwa nani? Kwa Mwenyekiti, ili umwage unga? Nyumba hii ya klabu, dawa zako za mgongo za klabu, wewe mwenyewe tangu unioe ni wa klabu. Nikasema nitakushikilia msimu uishe. Ukaisha. Nikasema na huu." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na wewe? Kwa nini hukusema?"

"Ningekuwa nani?"

Fundi alisukuma sukari pembeni, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Sasa niambie. Mdogo wangu alipojibu, ulijuaje kama amejibu sawa?"

Nje mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Kocha alisikiliza ile sauti mpaka ikanyamaza.

"Sikujua," alisema.

Fundi aliinuka. Kocha alisubiri apige kelele, avunje kitu, angalau amtukane. Fundi alichukua shati la Mshale kwenye kamba, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuachia ndugu yangu," alisema, "na nilikuwa najua. Hicho ndicho kitakachoniua."

Akatoka na mfuko wa nguo. Kuanzia hapo alizungumza na mumewe mambo ya lazima tu: maji yamekatika, sogea, shika hiki.

*

Mshale aliamka. Maneno yalimtoka kwa kuburuza, upande mmoja wa uso haukumfuata aliposema, na mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka kama si wake. Madaktari walisema atatembea, ataweza kujilisha, mengine wangojee. Raga, walisema, isitajwe tena. Kila aliyeingia wodini Mshale alimwuliza kama Kocha yupo, na Kocha alipokuja, alimtazama tu na kufumba macho. Fundi alidhani ni maumivu.

Klabuni, Dokta alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi. Msaidizi ndiye aliyempa Kocha habari hizo, tena kwa furaha, akidhani anampa ahueni. Kocha alikaa na habari hizo. Asubuhi aliamka na nia ya kwenda kusema, mchana ikawa atasema kesho, na jioni alijiambia kwamba huenda atalisahau hata hilo, na ndani ya moyo wake kulikuwa na sehemu ndogo iliyotamani iwe hivyo.

Mwenyekiti akaja wodini saa ya kuona wagonjwa, ameongozana na mama mmoja wa Shirikisho, mtu mzima mwenye miwani na mkoba mzito. Fundi alikuwa anamnywesha mdogo wake supu kwa kijiko. Kocha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mahali ambapo siku hizo ndipo palipokuwa pake.

"Sitakuchosha, mwanangu," yule mama alimwambia Mshale. "Nataka kujua jambo moja. Ulipogongwa mara ya kwanza, yule mtaalamu wenu alikuja?"

"Dokta hana kosa," Mshale alisema polepole.

"Nimekuuliza kama alikuja."

"Kosa ni langu mimi." Supu ilimtoka kwenye pembe ya mdomo, Fundi akamfuta. "Nilimdanganya Kocha. Nilikuwa naona ukungu. Sikujua hata... hata tulicheza na nani. Nikabahatisha. Nikajibu harakaharaka ili asishtuke. Nilitaka kucheza." Akageuza macho yake kwa shida mpaka yakamfikia Kocha. "Nisamehe, shemeji. Wewe uliniamini. Nimekuharibia."

Kijiko cha Fundi kilisimama hewani.

Uso wa Mwenyekiti ulichanua. Huyu kijana alikuwa amewaokoa wote kwa mpigo. "Unaona?" alimwambia yule mama. "Mchezaji mwenyewe amekiri. Maskini, damu ya ujana hiyo. Basi hapa hakuna wa kulaumiwa. Hata yule binti tutamrudisha kazini, kwani tuna roho mbaya?"

Mama wa Shirikisho aliandika. Kisha akamwinulia Kocha miwani yake. "Una la kuongeza?"

Ilikuwa rahisi mno. Hakutakiwa hata kusema uongo, alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea. Kazi ingebaki, nyumba ingebaki, Dokta angerudi, hakuna ambaye angeumia zaidi ya pale alipokwisha kuumia. Mzigo wote ungebaki kwa yule aliyelala kitandani, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuubeba. Tangu utotoni alikuwa hivyo. Kikombe kikivunjika, yeye ndiye wa kwanza kuomba radhi, hata kama hakuwemo chumbani, kama wanavyofanya watoto wanaokulia kwenye nyumba ambayo si ya baba yao. Kocha aliliona hilo miaka yote na akalichukulia kuwa ni adabu nzuri.

Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anaangalia bakuli. Hakumpa neno.

"Hakunidanganya," Kocha alisema.

"Unasemaje?"

"Kijana hakunidanganya. Majibu yake matatu, nimekuja kugundua, yalikuwa na makosa ya wazi, yeyote uwanjani angeyakamata. Mimi nisingeweza. Sikuwa na majibu."

Mama wa Shirikisho aliiweka kalamu chini. "Hukujua timu uliyocheza nayo juma moja kabla?"

"Sikujua. Sikujua nani kafunga, na nilikuwepo, nimesimama mstarini. Nasahau. Msimu huu wote nasahau, na uliopita pia."

"Kocha amechoka," Mwenyekiti aliingilia, akicheka kicheko kikavu. "Hajalala, ni mambo ya nyumbani haya, mama. Au anataka kumkinga yule binti. Kocha, mna mambo yenu na yule binti? Sema tu, sisi wote watu wazima."

Yalisemwa mbele ya mkewe na mbele ya wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao walikuwa wameacha hata kukohoa.

"Fikiri vizuri," Mwenyekiti alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajichimbia kaburi."

"Nimekwisha fikiri."

"Na hakuna aliyejua?" yule mama aliuliza. "Misimu miwili, na hakuna hata mtu mmoja?"

"Hakuna."

"Mimi nilijua," Fundi alisema. Aliliweka bakuli juu ya kabati la kitanda, akalisogeza lisimwagike. "Nilikuwa namkumbusha asubuhi za mechi, wakati wa chai. Nilimwambia anacheza na nani, na wiki jana ilikuwaje. Siku ile nilikuwa na kazi, nikaondoka mapema. Andika na hilo."

Mama wa Shirikisho aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimwangalia Kocha bila ukali, kama mtu anayemwangalia abiria aliyeshuka kituo kisicho chake, akamtakia mgonjwa nafuu. Mwenyekiti alifunga vifungo vya koti.

"Tutaonana ofisini, bwana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumwita Kocha.

Wale wawili wakaondoka. Mshale alikuwa anatazama dari. Uso wake, ule upande uliokuwa hai, ulianza kutikisika.

"Kwa hiyo sikukudanganya," alisema.

"Hukunidanganya."

"Ungenitoa. Kama ungejua, ungenitoa."

"Ningekutoa."

"Dada," Mshale alisema, na sauti ikampasuka. "Dada, si mimi."

"Si wewe, mdogo wangu. Si wewe hata kidogo."

"Siku zote hizi nalala hapa najua ni mimi."

Alilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, machozi yakienda masikioni, na kilio kile kilikuwa cha kutua mzigo. Kocha alifurahi kukisikia, na kilimkata maini. Alisogea, akanyoosha mkono akamgusa mguu juu ya shuka, kama alivyomgusa maelfu ya mara akimkagua kifundo. Mshale aliuvuta mguu wake pole pole mpaka ukatoka chini ya ule mkono. Akaukunja.

Kocha alirudisha mkono wake mfukoni.

*

Kliniki ya mishipa ya fahamu ilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani. Fundi alitangulia, mkoba kwapani, bila kugeuka kutazama kama anafuatwa. Kocha alimfuata. Hawakuwa wamekubaliana chochote. Mshale alipopitiwa na usingizi, Fundi alisema, "Twende," naye akaenda.

Foleni ilikuwa ya wazee, walioshikwa mikono na wake zao au na binti zao. Kocha ndiye aliyekuwa na mabega mapana kuliko wote. Mzee mmoja alimpisha njia, akidhani yeye ni mtu wa kubeba wagonjwa, kisha akatahayari alipomwona anakaa kwenye mstari. Mtu mwingine alimtambua. "Wewe si Nyundo? Ee bwana, uliwahi kunifanya nipoteze sauti kwa kushangilia!" Kocha alimshukuru. Fundi alitazama ukutani.

Zamu yao ilipofika, karani wa dirishani hakuinua kichwa. Aliuliza umri, Kocha akamwambia. Aliuliza wanakoishi, Kocha akamwambia, kisha akakumbuka kwamba pale hawatakaa tena muda mrefu, akaacha kama ilivyo.

"Kazi?"

"Nilikuwa kocha."

"Sasa hivi je?"

"Sina."

Karani aliandika. "Umekuja na nani?"

"Amekuja na mimi," Fundi alisema.

"Tatizo ni nini?"

Kocha alimgeukia mkewe. Hakujua kwamba amegeuka. Shingo ilikwenda yenyewe, kama ilivyokwenda kila asubuhi ya mechi, kumtafuta mtu wa kumwekea maneno kinywani. Fundi alikuwa pale pale, bega lake karibu limguse. Alikuwa ameyafumba macho, na midomo ameibana kama anaposhika pini.

"Nasahau," Kocha alisema.

"Sikusikii, mzee. Hapa kuna kelele."

Kocha aliusogeza mdomo kwenye tundu la kioo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya uwanjani, na foleni nzima ikageuka.

"Nasahau," alisema. "Nimekuja kwa sababu nasahau."